Laini Mbaya, Nitakupigia

Mama Opereta hakupokea simu akiwa ameketi. Ikilia angali anakula, aliweka tonge sahanini, akanawa, akajifunga kanga upya, akasimama, ndipo akabonyeza. Wapigaji wengi walikuwa wamekwisha kukata. Hilo halikumsumbua hata kidogo. "Mwenye shida ya kweli hupiga mara ya pili," alisema, akarudi kwenye sahani yake.

Tuliishi tukitazamana huko Ngamiani, yeye upande mmoja wa barabara na mimi upande wa pili, milango yetu ikiwa karibu kiasi kwamba tuliweza kuombana chumvi bila kunyanyuka barazani. Kwa miaka sita nilimwita Mama Opereta kama mtaa mzima ulivyomwita. Enzi za simu za waya alikuwa opereta katika ofisi ya shamba moja la mkonge: kila aliyetaka kuzungumza na yeyote pale shambani alipitia masikioni mwake kwanza. Yeye aliniita Ripota, kwa sababu nilipohamia mtaani nilikuwa nikiripoti habari za mji kwenye redio. Nilipoacha redio hakuona sababu ya kunibadilishia jina.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na miwani yake ilishikwa na uzi mweusi wa cherehani. Simu yake ilikuwa ndogo ya kubonyeza, ameifunga kwenye leso safi, na leso hiyo aliifua kila Ijumaa.

Masikio yake ndiyo yaliyokuwa sifa yake kubwa. Siku moja aliniita nikipita na baiskeli.

"Ripota! Jana ulikuwa na mafua ukayaficha."

"Kweli, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na ile habari ya mechi, uwanjani hukwenda. Ulisimuliwa."

Sikwenda. Mhariri wangu, aliyekaa nami chumba kimoja cha habari, hakulijua hilo. Mama Opereta alilijua kwa kunisikiliza dakika mbili huku akichambua mchele.

Lakini masikio hayohayo yalimwangusha mara nyingine, tena vibaya. Aliwahi kuzungumza robo saa na shemeji yake juu ya nyumba ya urithi, nani apewe chumba kipi na nani asipewe kabisa, kisha ikabainika kwamba anayezungumza naye si shemeji bali muuza samaki aliyekosea namba. Mtu mwingine angekata kwa haya. Yeye alimuuliza, "Sasa wewe unaonaje, tumpe yule mdogo chumba cha uani?" Yule bwana akatoa maoni yake. Mwaka uliofuata alihudhuria harusi ya mpwa wake Mama Opereta, akaleta nguru wawili.

Kwa hiyo alikuwa na msemo, na sijui kama ulitokana na sifa zake au makosa yake: "Sauti ni nguo. Hata mwizi huivaa ikamkaa."

Kisa alichopenda kukisimulia kuliko vyote ni cha laini mbaya. Asubuhi moja meneja wa shamba alipiga simu, akamwamuru amuunganishe na mlinzi wa ghala ili lori lifunguliwe mlango. Sauti ilikuwa ya meneja, ukali ulikuwa wa meneja, hata kikohozi kilikuwa cha meneja. Mama Opereta akasema kwa unyenyekevu, "Laini mbaya, bwana, nitakupigia," akachomoa waya. Kisha akapiga simu nyumbani kwa meneja, kwa namba iliyokuwa kwenye kitabu chake. Meneja alitolewa bafuni na povu masikioni. Hakuwa amempigia mtu yeyote.

"Alinishukuru mbele ya ofisi nzima," alisema. "Wiki iliyofuata nikamkatia yeye mwenyewe mara tatu. Alikuwa na homa, sauti imebadilika, yuko mjini, na nyumbani hakuna wa kupokea. Akaja kwa miguu yake mpaka dirishani. Akaniambia, 'Ndiyo mimi huyu. Niguse.'"

"Ukamgusa?"

"Nilimwambia aniandikie kwanza."

Kisa hiki nilikisikia mara nyingi kabla sijajua kwamba nitakihitaji.

Niliacha redio nikaenda kusomea usalama wa mtandao. Mama yangu mzazi hakunielewa; alidhani nimeacha kazi inayosikika na kufuata isiyoonekana. Nilisoma usiku na mchana, na katikati ya masomo akili mnemba ikaingia kwa kishindo. Programu za kompyuta zikaanza kusoma kumbukumbu za mifumo na kuonyesha dalili za uvamizi, kazi ileile ambayo mtu anayeanza alikuwa akipewa. Mwenzangu mmoja akaandika kwenye kundi letu la chuo kwamba kazi za kuanzia zimekwisha, mashine imezimeza, turudi tukauze machungwa ya Muheza. Nilimsomea Mama Opereta ujumbe huo. Nilitarajia anihurumie.

"Kwetu pia walileta mashine," alisema. "Ya kuunganisha simu yenyewe. Tulikuwa waopereta wanne. Wenzangu watatu waliinunia."

"Na wewe?"

"Mimi nilimpelekea fundi visheti."

"Visheti vya nini?"

"Fundi mwenye visheti kinywani hawezi kukwambia, 'Wewe mama hutaelewa.' Anatafuna, mimi nauliza. Kwa wiki mbili nikajua inafanya nini, na nikajua haifanyi nini. Ilimuunganisha kila mtu na kila mtu. Haikujua nani hapaswi kuunganishwa. Wenzangu waliondoka, mimi nikabaki." Kisha akainua kidole. "Usinifanye shujaa. Miaka michache baadaye na mimi niliondoka. Lakini niliondoka nikiijua."

Hakuongeza faraja yoyote. Siku ya pili alikuja barazani kwangu na sahani ya visheti, akaiweka kando ya kompyuta, akasema, "Haya, mimi ndiye nitakayeuliza sasa."

Ndivyo tulivyoanza. Kila nilichokisoma chuoni nilitakiwa kumweleza kwa maneno ya jikoni. Nikishindwa, aliamua kwamba sijaelewa, na mara nyingi hakukosea. Nilimweleza jinsi nywila inavyosagwa kabla ya kuhifadhiwa, ili mwizi akivunja ghala asilikute neno lenyewe.

"Kama nazi iliyokwisha kukunwa," alisema. "Hakuna wa kuirudisha kifuuni."

Mfano huo niliuandika kwenye mtihani. Mwalimu aliuwekea alama ya vema kubwa kuliko zote za karatasi hiyo.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, alikuwa na nywila moja kwa kila kitu: namba ya simu ya ndani ya yule meneja wa zamani. Mtaa wote uliijua. Aliitaja kwa sauti kwenye kibanda cha wakala, tena akiirudia wakala asipoisikia. Nilipomkaripia alijibu, "Mganga hajigangi," akaenda zake.

Programu ya akili mnemba niliyoitumia kujifunzia aliiita Yule Bwana. Niliifanya itunge ujumbe wa kitapeli wa mazoezi, naye aliusahihisha kama mwalimu wa insha. "Huu umeandikwa na mtu asiye na shangazi," alisema mara ya kwanza. "Nani anaomba msaada bila kumuuliza mwenzake habari za wagonjwa?" Nikampa Yule Bwana maelezo hayo. Ujumbe wa pili uliuliza habari za wagonjwa. Wa tatu ulitaja mvua na bei ya nazi. Mama Opereta aliacha kucheka, akavua miwani akaifuta.

"Anajifunza haraka."

"Ndiyo, mama."

"Na hakatai kitu. Umeona? Kila umwambialo, ndiyo. Opereta asiyejua kukataa ni bomba tu, maji yoyote yanapita."

Baada ya chuo nilipata nafasi moja tu, na haikuwa kazi bali majaribio ya wiki mbili. Chama kimoja cha akiba na mikopo mjini kilikuwa kimenunua programu ya kulinda mfumo wao. Meneja, mtu mpole wa milimani Lushoto, mwenye kufunga tai hata wakati wa joto la Februari, aliniambia wazi siku ya kwanza:

"Binti, mashine hii inasoma kila kitu, hailali, haiombi likizo. Nionyeshe jambo moja isiloliona. Ukinionyesha, tutazungumza ajira. Usiponionyesha, nafasi hii nitaifuta."

Nilimwomba ruhusa nijaribu wafanyakazi wake kwa simu. Akakubali, akasaini, akanipa na kipande cha sauti yake akisoma tangazo la mkutano mkuu. Kwa kipande hicho nilitengeneza sauti ya bandia. Ilikuwa ni yeye, na kigugumizi chake kidogo kwenye neno "wanachama". Sauti hiyo iliwapigia wafanyakazi watano, ikawajulia hali, ikamuuliza mmoja habari za homa ya mtoto wake, kisha ikaomba orodha ya namba za simu za wanachama itumwe kwenye namba nyingine, upesi, kuna mgeni anasubiri.

Wanne walituma. Wa tano hakutuma kwa sababu simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Ile programu haikutoa hata mlio. Wafanyakazi walikuwa wameingia kwenye mfumo kwa nywila zao halali, saa za kazi, wakafungua orodha wanayoifungua kila siku. Nilidhani kazi nimeipata. Meneja akatazama matokeo, akalegeza tai.

"Tatizo nimeliona," alisema. "Dawa yake iko wapi?"

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa neno la siri. Meneja akipiga simu aulizwe neno, asipolijua, asihudumiwe. Tukachagua "karafuu". Tulikubaliana Jumatatu mchana. Jumanne asubuhi mama chai wa nje ya ofisi alimpokea meneja kwa bashasha: "Shikamoo baba! Leo nikutilie tangawizi au karafuu?" Wafanyakazi walikuwa wamemsimulia wakinywa chai, kwa nia njema kabisa, kwa sababu waliona ni jambo la kuchekesha. Zilibaki siku nne.

Jioni hiyo Mama Opereta alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

"Neno la siri! Ngamiani hii! Halivuki alasiri!" Alipotulia, akasema, "Hebu niambie. Wale wanne, kwa nini hawakuuliza? Hawana akili?"

"Wana akili sana. Wanasema waliona aibu. Meneja kakuuliza habari za mtoto wako mgonjwa, utamwambiaje athibitishe kuwa ni yeye?"

"Basi. Ndiyo maana mimi nilikuwa na laini mbaya."

Nilimtazama. Nilikuwa nimekisikia kisa hicho mara zisizohesabika na sikuwahi kukiona kama kanuni ya kazi. Humwambii mtu humwamini. Unalaumu waya. Unakata, unapiga namba unayoijua wewe, na kama kweli ni yeye, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Lakini nilikuwa bado na silika ya redio: habari ya mtu mmoja si habari. Nikataka kuijaribu kanuni kwa mwenye kanuni mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, Mama Opereta akiwa sokoni, nilitengeneza sauti ya bandia iliyoniiga mimi mwenyewe. Ikampigia kutoka namba ngeni. Mimi niliketi chumbani nikiandika maneno, nayo ikiyatamka.

"Shikamoo mama. Simu yangu imezima, natumia ya jirani. Nina samaki wako hapa, jua litawaharibu. Ufunguo leo umeuweka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwenye kopo la mchaichai, chini ya udongo. Angalia usiukate mzizi."

Hakukata. Hakusita hata kidogo.

Aliporudi nilimwonyesha ufunguo, na nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye. Aliuchukua ufunguo, akaufuta udongo kwa ncha ya kanga, akaingia ndani akafunga mlango. Siku nzima hakuonekana barazani. Jioni nilibisha hodi mara tatu, sikuitikiwa, nikaondoka. Nilijiona mjinga. Majaribio ya chama yalikuwa na ruhusa iliyosainiwa, yake sikumwomba.

Kesho yake alikuja mwenyewe. Hakuketi.

"Umenikosea," alisema.

"Nimekukosea, mama. Nisamehe."

"Nimesamehe. Sasa nisikilize, andika kama unataka." Nikachukua kalamu kweli. "Meneja wa shamba nilimkatia kwa sababu kumshuku mkubwa ni kazi. Wewe sikukukatia kwa sababu kumshuku mtoto ni aibu. Mwizi wa siku hizi ataingilia hapo, kwa unayempenda. Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa mbovu miaka yote hii. Ilikuwa na mlango wa uani." Akakunja uso kwa namna niliyoijua. "Na huo uongo wako wa samaki, angalau wangekuwepo samaki."

Nilikwenda sokoni nikanunua samaki, changu watatu.

Ijumaa nilisimama mbele ya meneja na wafanyakazi wake. Dawa yangu ilikuwa na mistari mitatu tu. Ombi lolote la taarifa za wanachama likija kwa simu, jibu ni moja: "Laini mbaya, nitakupigia." Unakata, kisha unapiga namba iliyo kwenye kitabu cha ofisi. Hakuna anayesamehewa, si rafiki, si mke, si meneja.

Meneja alikuwa amekunja mikono.

"Mimi," alisema taratibu, "nikatiwe simu na keshia?"

"Ndiyo, mzee. Na anayekukatia asifiwe kwa kazi yake, asipewe barua ya onyo."

"Na kama laini ni nzuri?"

"Sisi sote tutajua ni nzuri. Ndiyo adabu yenyewe hiyo."

Keshia mmoja alicheka, akaziba mdomo. Meneja hakucheka. Alisema ni jambo la kupeleka kwenye bodi, kwamba mashine imegharimu fedha nyingi, na kwamba mimi nitapigiwa. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba "utapigiwa" kwa lugha ya ofisi ni namna ya kukwambia nenda.

Wiki hiyohiyo Mama Opereta alihamia kijiji cha Moa, kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Aliondoka na begi moja, kopo la mchaichai na simu yake kwenye leso. Nilimsaidia kubadilisha nywila zake zote. Alizitunga mwenyewe, akanigeuzia mgongo akiziandika. "Hata wewe," alisema, na nikaona kwamba ameanza kuifuata kanuni yake mpya.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja nikaitwa kwenye chama. Meneja alikuwa na tai ileile. Kwanza alinisimulia kwamba Jumatatu alimpigia keshia akiwa safarini, akitaka orodha ya kweli kwa kazi ya kweli, na yule binti, huku sauti ikimtetemeka, alimwambia laini mbaya, akamkatia. "Nilikasirika mpaka Muheza," alisema. "Baada ya Muheza nikaanza kufikiri, hivi wangapi wameshawahi kupiga hapa wakisema ni mimi?" Akasukuma karatasi ya ajira mezani. Kazi yangu ingekuwa kusimama kati ya ile mashine na watu: kujua inaona nini, na kwenda pale isipoona.

Nilisaini, nikatoka koridoni, nikampigia Mama Opereta. Niliijua namba yake kwa kichwa, naye aliijua yangu. Ililia sana. Nilimwona kwa macho ya moyo akinawa, akijifunga kanga.

"Halo."

"Shikamoo mama! Ni mimi Ripota. Mama, nimepata ile..."

Nilimsikia vizuri sana. Nilisikia hata kuku wakipita uani kwa dada yake.

"Laini mbaya, mwanangu," alisema. "Nitakupigia."

Akakata.

Nilibaki nimeishika simu. Meneja alikuwa akipita na faili, akasimama, akanitazama.

"Umekatiwa?"

"Nimekatiwa."

Kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. "Karibu kazini," alisema, akaenda zake.

Simu ikalia. Nyuma ya pumzi ya Mama Opereta nilimsikia dada yake akilalamika: "Si ukae, wewe! Simu tu hiyo, unaisimamia kama wimbo wa taifa!"

"Nyamaza," akamjibu. "Niko kazini. Haya, Ripota. Sasa sema."